Uso ni wa Mwenyewe

Mazungumzo ya leo yanahusu picha, na hasa uso ndani ya picha: nani ana haki ya kuuonyesha, nani ana haki ya kuufunika, na kwa nini jambo hilo limekuwa la kufa na kupona kwa baadhi ya raia wa Uganda. Ninaowazungumzia ni watu wanaopenda watu wa jinsia yao, pamoja na wale ambao jinsia waliyoandikiwa walipozaliwa siyo wanayoishi nayo. Wenyewe hapa Uganda hujiita kuchu, nami nitawaita hivyo. Hoja yangu ni moja. Tumezoea kuamini kwamba mtu anayeficha uso hana kwao, na kwamba anayejianika ndiye aliyekwisha kupata mahali pake. Mimi nadai kwamba kinachompa mtu mahali ndani ya picha ni kuwa na kauli juu ya uso wake. Picha ya mtu aliyegeukia ukuta kwa hiari yake ina ukweli na heshima kuliko picha ya uso mzima iliyochapishwa bila ruhusa yake, hata kama aliyeichapisha alikuwa na nia njema kabisa.

Ushahidi wa kwanza uko Kampala. Tarehe 2 Oktoba 2010, gazeti dogo lililojiita Rolling Stone, ambalo halikuwa na uhusiano wowote na jarida la muziki la Marekani, lilichapisha picha na majina ya watu liliodai ni mashoga, likataja na wanakoishi baadhi yao, na juu yake likaweka wito wa kuwanyonga. Uso wa David Kato, mwalimu na mtetezi wa haki za kuchu, ulikuwa ukurasa wa mbele. Kato, pamoja na Kasha Jacqueline Nabagesera na Pepe Onziema, walikwenda Mahakama Kuu. Tarehe 30 Desemba mwaka huohuo Jaji Musoke-Kibuuka aliamua kwamba gazeti limevunja haki yao ya utu na haki yao ya faragha, akaamuru kila mmoja alipwe shilingi 1,500,000. Jaji alikuwa mwangalifu. Alisema kesi ile haikuhusu ushoga wenyewe, ilihusu haki za msingi ambazo Katiba inampa kila mtu. Chini ya mwezi mmoja baadaye, tarehe 26 Januari 2011, Kato aliuawa nyumbani kwake Mukono kwa kupigwa nyundo kichwani. Kwa haki ya mambo, niseme kwamba polisi walikataa kuyahusisha mauaji hayo na gazeti, na kwamba mtu mmoja alitiwa hatiani mwezi Novemba mwaka huo akafungwa miaka 30. Ila nataka tutazame kilichotokea mazishini. Rafiki zake walikuja wamevaa fulana zenye picha ya Kato kifuani, na rangi za upinde wa mvua mikononi. Uso ule ambao miezi michache nyuma ulikuwa umetembezwa mitaani kama uso wa mtu wa kuwindwa, sasa ulivaliwa na waliompenda, mbele ya kijiji kizima. Ni uso wa mtu mmoja, na hakuna kilichobadilika usoni pale. Kilichobadilika ni mkono ulioishika picha na sababu ya kuishika. Anayesema kwamba picha ni picha tu, na kwamba asiye na hatia haogopi kamera, ana wajibu wa kueleza tofauti hiyo imetoka wapi.

Miaka mitatu baadaye jambo lilijirudia. Tarehe 24 Februari 2014 Rais Museveni alitia sahihi Sheria ya Kupinga Ushoga, na kesho yake gazeti la Red Pepper likatoa orodha yake, likidai ni ya watu 200. Sheria ile ilibatilishwa na Mahakama ya Katiba tarehe 1 Agosti mwaka huo, kwa sababu Bunge halikuwa na akidi siku ilipopitishwa. Orodha haikubatilishwa na yeyote. Gazeti likishauzwa limeuzwa, na jirani aliyekwisha kuona hawezi kuambiwa asione. Waliofukuzwa na wenye nyumba, waliopoteza kazi, waliokataliwa na wazazi wao wakashika njia, na njia yenyewe ni hii yetu sisi wa Jinja na Bugembe. Basi la Nairobi linavuka Nile pale Jinja, linapita Bugembe, Kakira na Iganga, na mbele ya Bugiri barabara inagawanyika, Busia upande mmoja, Tororo na Malaba upande mwingine. Mamia ya kuchu wamepita hapa mbele ya vibanda vyetu vya chapati na maduka yetu ya vipuri, wakiwa na begi moja, wakienda kuomba hifadhi Kenya, nchi ambayo nayo ina kifungu kinachotishia miaka 14 jela, na ambayo Mahakama Kuu yake ilikataa kukifuta kifungu hicho tarehe 24 Mei 2019. Wengi waliishia kambini Kakuma, kambi iliyofunguliwa mwaka 1992 katika ukame wa Turkana. Huko nako hawakuachwa salama. Machi 2021 baadhi yao walichomwa moto usiku wakiwa wamelala, na mwezi uliofuata kijana mmoja wa Uganda alifariki kwa majeraha hayo.

Sasa fikirieni linalompata mtu huyu kuhusu picha. Kwao picha ilimshtaki. Akifika ugenini, anaombwa picha imtetee. Ofisa wa uhamiaji wa Ulaya hana njia ya kuuona moyo wa mtu, kwa hiyo anauliza: unathibitishaje? Waombaji wengi, kwa hofu ya kurudishwa, wamepeleka picha za wapenzi wao, na wengine hata picha za faragha za chumbani. Mambo yalifika mpaka Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya kule Luxembourg. Katika hukumu ya tarehe 7 Novemba 2013, iliyohusu waombaji watatu ambao mmoja wao alitoka Uganda, mahakama hiyo ilisema mtu hawezi kuambiwa arudi kwao akajifiche ili asidhurike. Mwaka mmoja baadaye, tarehe 2 Desemba 2014, katika shauri jingine ambalo mwombaji mmoja alikuwa ametoa filamu yake ya faragha kama ushahidi, ikaamua kwamba serikali zisiupokee ushahidi wa namna hiyo, hata ukiletwa na mwenyewe kwa hiari, kwa kuwa unavunja utu wake na huenda ukawalazimisha wengine wote walete vilevile. Naziona hukumu hizi mbili kama mizani iliyokaa sawa. Ya kwanza inasema: hakuna wa kukulazimisha ujifiche. Ya pili inasema: hakuna wa kukulazimisha ujivue. Katikati ya makatazo hayo mawili ndipo penye uhuru ninaouzungumzia, na ni padogo sana. Katika nafasi hiyohiyo ndogo ndipo wapiga picha wazuri wamekuwa wakifanya kazi.

Lakini mtu atauliza, na ni swali la haki: picha isiyo na uso ni picha ya nani? Nitajibu kwa mfano wa Gulu, usiohusu kuchu hata kidogo. Mpiga picha wa Italia, Martina Bacigalupo, alikuta katika studio kongwe ya mji ule, Gulu Real Art Studio, picha zilizotobolewa. Mtu ameketi kwenye kiti mbele ya pazia, amevaa vizuri, mikono ameilaza magotini, na pale panapotakiwa kuwa na uso pana tundu la pembe nne. Sababu ni ya kibiashara. Mashine ya picha za kitambulisho ilitoa picha nne kwa mpigo, na wateja wengi walihitaji moja tu, kwa hiyo studio ilipiga picha kubwa kisha ikakata kipande cha uso. Kipande kilikwenda benki, au kwa mwajiri, au ofisi ya pasipoti. Mwili ulibaki studio kama taka. Bacigalupo aliyakusanya mabaki hayo, yakaonyeshwa New York mwaka 2013 na kutolewa kitabu. Anayeyatazama kwa utulivu anaona mengi ajabu. Anaona koti lilelile likirudi kwa watu tofauti, kwa sababu studio ililiazimisha kwa wasio na koti lao. Anaona jinsi mama alivyompakata mtoto, anaona viatu vilivyopigwa rangi siku hiyo na suruali iliyopigwa pasi kwa bidii, anaona vidole vya mtu wa jembe vilivyojikunja kwa haya mbele ya lenzi. Uso ndio uliotakiwa na ofisi. Maisha yote yaliyobaki hayakutakiwa. Na bado maisha yale yanajulikana, ni ya watu wa Acholi waliopita vitani, kila mmoja kwa namna yake. Kwa hiyo madai kwamba binadamu hatambuliki bila uso ni madai ya ofisi. Ofisi ina haja ya uso kwa sababu inatafuta mtu wa kumwita, kumtoza au kumkamata. Anayetafuta kumfahamu mtu ana mahali pengi pa kutazama.

Hivyo ndivyo ninavyozisoma picha za Mmarekani Jake Naughton, aliyewapiga kuchu wa Uganda na wa Kenya, wakiwamo waliokimbia, kisha akatoa kitabu mwaka 2020 pamoja na mwandishi Jacob Kushner. Katika picha zake nyingi uso umemezwa na kivuli, au mtu amegeuka, au mwanga umeangukia bega na kuacha kichwa gizani. Mtazamaji mvivu atasema huyu anaficha. Mimi naona makubaliano: mtu amekubali kutazamwa hadi hapa, na mpiga picha amesimama hapo. Kwa upande mwingine yupo DeLovie Kwagala, mpiga picha aliyezaliwa Uganda na baadaye akahamia Afrika Kusini, ambaye kazi yake iitwayo Quingdom inawapiga watu wa jumuiya yake mwenyewe. Tofauti kati ya hawa wawili haihusu ufundi. Mgeni hupanda ndege akarudi kwao. Mwenyeji huishi na matokeo ya kila picha, maana anayepigwa ni rafiki yake, na uso ukivuja ni yeye atakayebisha mlango wa rafiki huyo kumwomba radhi. Ndiyo sababu naamini kazi ya namna hii inapaswa kufanywa kwanza na wenyewe, na kwamba fedha za maonyesho na tuzo zinapaswa kuwafikia wao kwanza, ingawa si hivyo inavyokuwa mara nyingi.

Pingamizi zito kuliko yote linatoka kwa kuchu wenyewe, na linastahili kusikilizwa. Wanasema: kila uso unaofunikwa unathibitisha kwamba tuna la kuonea haya, tukiendelea kupigwa mgongo, watoto wetu nao watapigwa mgongo. Anayetajwa hapo kama mfano ni Zanele Muholi, mzaliwa wa Umlazi, Durban, ambaye tangu mwaka 2006 amekuwa akipiga mfululizo wa Faces and Phases, picha za rangi nyeusi na nyeupe za wasagaji weusi na watu waliobadili jinsia, wakiitazama lenzi bila kupepesa. Ni kazi kubwa, na sina neno la kuipunguza. Ila tukumbuke imesimama juu ya nini. Katiba ya Afrika Kusini ya mwaka 1996 inakataza ubaguzi wa mtu kwa sababu ya anayempenda, na ndoa za jinsia moja zimeruhusiwa huko tangu mwaka 2006. Hata kwa ngao hiyo, waziri wa utamaduni Lulu Xingwana aliondoka kwa hasira kwenye maonyesho yaliyokuwa na picha za Muholi mwaka 2009, na katika ukuta wa Faces and Phases huachwa nafasi tupu katikati ya nyuso, kwa ajili ya waliokufa na wasiopo. Ikiwa wenye Katiba nyuma yao wanahesabu nafasi tupu, nani atamwambia dada wa Mbale anayepanga chumba kimoja, mwenye biashara ya kushona nguo ambayo wateja wake wote ni majirani, kwamba asipotoa uso wake ni mwoga? Sheria ya mwaka 2023, iliyotiwa sahihi mwezi Mei, inatoa kifungo cha maisha kwa tendo lenyewe, na hukumu ya kifo kwa makosa inayoyaita mazito zaidi. Ujasiri ni kitu cha kujitolea mwenyewe. Anayemtolea mwenzake ujasiri asiokuwa nao anamtuma vitani akiwa yeye mwenyewe amebaki nyumbani. Nami sioni kwamba picha ya mgongo ni picha ya haya. Haya hukimbia kamera. Aliyekwenda mbele ya kamera, akachagua nguo, akachagua dirisha la kusimama, kisha akasema uso wangu hapana, huyo amefika na kusema neno lake.

Sisi wa upande huu tuna somo letu wenyewe juu ya picha zisizo na watu. Anayetembea Main Street ya Jinja akiinua macho juu ya vibaraza vya maduka anaona majina ya familia za Kihindi na miaka ya ujenzi, yamechongwa kwenye saruji. Tarehe 4 Agosti 1972 Idi Amin alitangaza kuwafukuza Waasia, akawapa siku 90. Watu waliozaliwa Jinja na Mbale, waliosoma hapa na kuzika wazee wao hapa, walipanga foleni na karatasi na picha zao ndogo mkononi ili ofisa aamue kama wana kwao au hawana, na kwa wengi jibu likawa hawana. Watu wapatao 28,000 waliingia Uingereza. Miongoni mwa waliofika huko miaka ile ni msichana aliyezaliwa Mbarara mwaka 1963, Zarina Bhimji. Akawa msanii, akarudi Uganda na kamera, na katika filamu yake ya mwaka 2002, Out of Blue, pamoja na picha alizopiga, alionyesha kuta zilizochubuka, majengo yaliyoachwa, vyumba vitupu, mashamba na moshi. Watu hawaonekani. Sijaona picha inayoonyesha kufukuzwa kuliko zile, kwa sababu kila ukuta unamuuliza mtazamaji aliyekuwa akiishi hapa yuko wapi. Wapo waliorudi Jinja miaka ya baadaye wakarejeshewa majengo yao, na mji haukuanguka kwa kuwapokea. Sisemi masaibu ya Waasia na ya kuchu ni mamoja. Ninachosema ni kwamba mji huu umekwisha kuona jinsi mtu anavyofanywa mgeni nyumbani kwake kwa amri ya siku moja, na umekwisha kuona pia kwamba amri ya namna hiyo hufutika.

Hapo wengine watasema: Waasia walikuwa majirani zetu, lakini mambo haya ya kuchu yameletwa na Wazungu. Maandishi yaliyopo hayakubaliani na kauli hiyo. Ofisa wa kikoloni Jack Driberg, katika kitabu chake cha mwaka 1923 juu ya Walango, aliandika habari za wanaume walioishi kama wanawake, ambao jamii iliwajua kwa jina lao, mudoko dako. Mwaka 1957 mwandishi mwingine, Lawrance, aliwataja watu wa namna hiyo katika kitabu chake juu ya Iteso, majirani wa Mbale kabisa. Hao waandishi hawakuwatafuta wala hawakuwapenda, waliwakuta. Kilicholetwa kwa meli ni Kanuni ya Adhabu, iliyoandikwa na Waingereza kwa lugha yao na kwa imani yao ya wakati ule. Na Machi 2009, miezi michache kabla ya muswada wa kwanza wa kupinga ushoga kufika Bungeni, mhubiri wa Marekani Scott Lively alikuwa Kampala akifundisha semina juu ya hatari ya ushoga. Kama hoja ni ugeni, basi na tuukague ugeni wote uliomo, ule wa kamera na ule wa sheria pia. Kamera yenyewe ilikuja na wageni, na leo hakuna harusi ya Bugembe inayofanyika bila mpiga picha.

Wapo pia wazazi na viongozi wa dini, na sitawapita kana kwamba hawapo. Kutoka kilima cha Bugembe, penye kanisa kuu la Dayosisi ya Busoga, hadi misikiti ya Iganga, inafundishwa kwamba jambo hili ni dhambi. Mhubiri ana haki ya kuhubiri anachoamini, na muumini ana haki ya kukifuata. Lakini dhambi haiondoi umiliki wa uso. Hatuchapishi gazetini nyuso za wazinzi wa parokia na anuani zao, ingawa uzinzi ni dhambi inayohubiriwa kila wiki. Kuhusu watoto, hofu ya mzazi ni hofu ya kweli, na sheria za kumlinda mtoto dhidi ya kila anayemdhulumu, awe mwanamume au mwanamke, zilikuwapo kabla ya mwaka 2023 na zinatakiwa zitumike kwa nguvu zote. Picha ya mtu mzima aliyekubali kupigwa, amekaa kitandani kwake akiwa amevaa sare yake ya kazi, haimgusi mtoto yeyote. Anayeichanganya na udhalimu wa watoto anamkosea mtoto aliyedhulumiwa kweli, kwa sababu anayapeleka macho ya watu mahali pengine.

Naja kwenye lile linaloumiza zaidi, nalo linawahusu wenye nia njema. Picha nyingi za wakimbizi kuchu zimepigwa kwa ajili ya ripoti na kampeni za kuchangisha fedha, na katika picha hizo mtu huonekana akiwa na jeraha, au akilia, au amelala kwenye hema lililopasuka. Mara nyingi ruhusa aliitoa siku ambayo hakuwa amekula, akiamini kwamba picha itamharakishia safari. Je, hiyo ni ruhusa? Nasema ni nusu ya ruhusa. Tena kuna simu. Picha iliyotundikwa ukutani Ulaya asubuhi inaweza kufika kwenye kundi la WhatsApp la ukoo wake Mbale kabla ya chakula cha mchana, ikiwa na jina lake na tusi juu yake. Mpiga picha anayemwambia mtu kwamba picha hii itaonekana huko mbali tu anamdanganya, maana huko mbali hakupo tena. Ruhusa ya kweli katika hali hii huombwa zaidi ya mara moja: kabla ya kupiga, baada ya mtu kujiona kwenye picha, na kila picha inapotoka kwenda mahali papya. Tena ni ruhusa ambayo mtu anaweza kuiondoa. Aliyekubali akiwa Kakuma anaweza kukataa akiwa Canada kwa sababu mama yake mgonjwa angali kijijini, na aliyekataa jana anaweza kukubali leo kwa sababu ameshazika wazazi na hana tena wa kumlinda. Yote mawili ni haki yake.

Kuna gharama katika haya ninayoyatetea, nami sitaificha. Picha zenye nyuso zilizofunikwa, au zilizofungiwa kabatini, hazibadilishi fikra za majirani kwa haraka. Isitoshe, sheria ya mwaka 2023 inatishia kifungo cha hadi miaka 20 kwa kile inachokiita kukuza ushoga, na faini ya hadi shilingi bilioni moja kwa taasisi. Mahakama ya Katiba, tarehe 3 Aprili 2024, ilifuta vifungu vichache tu, kikiwamo kile kilichomlazimisha kila mtu kutoa taarifa kwa polisi juu ya mwenzake. Sehemu kubwa ya sheria imebaki, na walalamikaji wakakata rufaa Mahakama ya Juu. Hivyo picha za kuchu wa Uganda hutundikwa Ulaya na Afrika Kusini, na hazitundikwi Jinja. Lakini kuna jambo linaloweza kufanywa sasa hivi, bila kungoja hukumu yoyote. Mwaka 2015, katika kabati lililofungwa la Shirika la Utangazaji la Uganda, zilikutwa negativu zipatazo 70,000, zikiwamo za enzi za Amin, na mwaka 2019 baadhi ya picha hizo zikaonyeshwa kwenye Jumba la Makumbusho Kampala. Ni hazina kubwa, lakini ni hazina ya dola: mikutano, gwaride, mabalozi, hotuba. Waliokuwa rumande hawamo, kwa sababu aliyeshika kamera alitumwa kuwapiga wengine. Tukiiachia dola na magazeti peke yao kazi ya kutunza picha za kuchu wa zama zetu, watakaofungua makabati miaka 50 ijayo watakuta picha za watu waliokamatwa na kurasa za mbele za magazeti, basi. Kwa hiyo wapiga picha wazipige hizi nyingine sasa: meza ya chakula, mashine ya kushona, godoro lililotandikwa, watu wawili wanaozeeka pamoja. Wazihifadhi katika nakala mbili, moja nje ya nchi, majina yakae mbali na picha, na kila aliyepigwa aandike mwenyewe ni mwaka gani uso wake unaweza kufunguliwa, au aandike kwamba usifunguliwe kamwe.